Mtandazie Kwanza

Mama Makochi ana redio mbili na huziwasha zote kwa pamoja. Moja inashika stesheni ya serikali, nayo huikalisha dirishani. Ya pili inashika stesheni ya watu binafsi, nayo huitundika kwa waya kwenye nguzo ya upande wa pili. Yeye hukaa katikati, misumari mdomoni, anapigilia kitambaa cha kochi. Redio zikipingana hucheka kwa pua, maana mdomo umejaa. Zikisema neno moja ndipo huitema misumari kiganjani na kuuliza, "Hawa wawili tangu lini wakawa ndugu?"

Ni shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Nilifika kwake na begi moja, nikasema nitakaa siku chache nipumzishe miguu, kisha niendelee na safari. Begi bado liko chini ya kitanda. Kila asubuhi huniuliza, "Shemeji, bado unapita tu?" Namjibu, "Napita tu." Ananimiminia chai.

Nimetembea sana, na huko kote nimekuta watu wenye maoni. Bandarini walikuwapo, machimboni walikuwapo, na ukilala stendi moja na watu wasiojuana, kufika asubuhi utakuwa umesikia serikali imepinduliwa na kurudishwa mara kadhaa. Wengi wao maoni waliyaokota njiani na wangeyaangusha njiani. Sijaona mtu anayeyatunza yake kama huyu mwanamke. Anayatunza kama fundi anavyotunza mkasi: hamwazimi mtu, na karatasi haikatwi kwa mkasi wa kitambaa.

Kwa mfano, habari ya leo haitolei maoni leo. "Bado ina moto," husema. "Nikiishika sasa nitaungua vidole." Huisubiri ilale, aisikie tena kesho yake imebadilika nini, halafu ndipo aseme. Viongozi anawapima kwa namna wanavyokaa. Siku moja kulikuwa na televisheni kwa kinyozi wa jirani, waziri mpya anahojiwa, watu wote wanasikiliza maneno. Yeye aliangalia makalio. "Huyu kakaa ukingoni mwa kiti," alisema. "Mtu anayekaa hivyo hajajiamini, au kiti si chake." Kuhusu mpira, anaamini waamuzi wangelipwa na timu iliyoshindwa, kungekuwa na haki. Kuhusu simu, anasema si mbaya, tatizo lake haina mlango: mtu yeyote anaingia na viatu.

Lakini starehe yake kubwa ni magazeti ya tumboni. Makochi ya zamani mafundi waliyashindilia kila kitu: nyuzi za gunia, matambara, na magazeti. Akilipasua kochi na kukuta gazeti, kazi inasimama. Analitoa polepole, analinyoosha, analipiga pasi ya uvuguvugu juu ya kanga, halafu anatusomea. Bei ya sukari ya enzi hizo, watu wakilalamika. Kiongozi akiahidi maji mpaka milimani. "Sikilizeni," husema. "Bei hii waliandamana kuipinga. Leo tungeandamana kuiomba." Ukimwambia zamani mambo yalikuwa mazuri, hakubishii. Anakupa gazeti.

Watu huja. Banda lake limekaa mdomoni mwa uchochoro, limemeza nusu ya upana wa njia. Mdogo wangu ndiye aliyelijenga, mbao na mabati, kwa sababu makochi hayapiti kwenye mlango wa nyumba yao. Mbele yake pana benchi refu, na benchi hilo halikai tupu. Kinyozi huja mteja akikosekana. Dereva huja kila siku. Huyu aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu. Mtu mwembamba, mbishi, anakunja mdomo kabla hujamaliza sentensi. Yeye na Mama Makochi hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua.

Na katika benchi hilo ipo sheria moja. Imetoka kwenye kazi yenyewe. Fundi wa makochi hakati kitambaa kipya kwa kukisia. Anakibandua kile cha zamani, kizima, bila kukichana, anakitandaza mezani, kila mkunjo na kila pindo, kisha anakata kipya kwa kukifuata. Asiyetandaza, kochi lake litavaa nguo ya mtu mwingine. Basi na pale benchini hivyo hivyo: kabla hujampinga mwenzako, useme kwanza hoja yake yeye, mpaka mwenyewe atikise kichwa akubali kwamba ndiyo. Baada ya hapo, kata unavyotaka.

Siku ya kwanza kuiona sheria hiyo ikifanya kazi, walikuwa wanabishana juu ya magari chakavu kupigwa marufuku mjini. Dereva alikuwa ameipinga marufuku. Kinyozi akaruka, "Wewe Dereva akili yako imekwama gia ya kwanza!"

"Mtandazie kwanza," Mama Makochi alisema bila kuinua kichwa.

"Mama, mtu mwenyewe hana hoja. Nitatandaza nini?"

"Hicho hicho kidogo alicho nacho."

Kinyozi akasimama kama yuko mahakamani. "Mheshimiwa anasema magari mabovu yasifukuzwe, kwa sababu na yeye ni mbovu, anaogopa atafuatia."

Tulicheka. Dereva akapiga benchi. "Sikusema hivyo!"

"Hajakubali," alisema Mama Makochi. "Rudia."

Kinyozi akakuna shingo. "Haya. Anasema... mwenye gari zee hana pesa ya kununulia jipya. Ukimnyang'anya hilo, atatembea kwa miguu. Na aliyetunga sheria hatembei kwa miguu."

Dereva akatikisa kichwa, ameshangaa mwenyewe. "Hapo. Tena umesema vizuri kuliko mimi."

"Sasa kata chako," Mama Makochi alimwambia Kinyozi.

Kinyozi akaketi. "Mama, nimesahau nilitaka kusema nini."

Ndivyo maisha yalivyokuwa mpaka walipokuja watu wa manispaa na futi na rangi. Walipima uchochoro, wakachora alama nyekundu kwenye ukuta wa banda, wakamwachia mwenyekiti wa mtaa maelezo. Njia inatakiwa kupanuliwa na kutiwa lami, magari makubwa yapate kuingia. Kinachozuia ni banda, na vitu vidogo vidogo vya kuhamishika. Wakazi wapige kura ya mikono Jumamosi. Wakikubali, banda linaondoka. Wakikataa, mradi unapelekwa mtaa mwingine, na hautarudi.

Kwa Mama Makochi hilo halikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Bila banda, makochi atayashonea wapi? Chumba chake cha mbele kinatosha kitanda na mtu mwenye adabu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha tangu awe mjane, na hilo benchi ndilo lililomfanya asiwe mjane kila saa. Hakuficha. Alisema wazi: "Banda langu nalitaka."

Watu wengi walikuwa upande wake. Kinyozi alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi anameremeta. "Mama, Jumamosi wewe njoo tu ukohoe. Watu ni wako."

Aliyesimama upande wa pili hadharani alikuwa Dereva. "Barabara ipite," alisema, amekaa kwenye benchi lile lile, kikombe cha chai ya Mama Makochi mkononi.

Kinyozi alimaka. "Huna haya! Unakunywa chai yake unataka avunjiwe?"

"Chai ni chai," alisema Dereva. "Barabara ni barabara."

"Mwacheni," alisema Mama Makochi. "Ana haki ya kuwa mbaya." Lakini nilimwona anafurahi. Wiki nzima walipigana kila asubuhi, yeye akimtandazia, naye akimtandazia, mpaka chai inapoa. Dereva alikuwa anajiandaa. "Jumamosi nakumaliza," alimwambia. "Nimekungoja miaka yote hii."

"Njoo umeshiba," alimjibu.

Jumamosi Dereva alikuja na shavu kama limemeza yai. Jino lililokuwa linamsumbua lilimshinda, akaenda likang'olewa, na kung'olewa kwenyewe kulikuwa kwa vita. Mdomo umejaa pamba, upande mmoja wa uso umekufa ganzi, leso ameikandamiza. Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja karibu na tangi la maji. Watu walijaa, wengine wamekaa juu ya ndoo zao. Mwenyekiti akaeleza mradi, kisha akauliza nani atasemea upande wa barabara.

Dereva alisimama. Alivuta pumzi. Kilichotoka ni, "Mmmbhh."

Kiwanja kilipasuka kwa kicheko. "Rudia, hatukusikia!" mtu alipiga kelele. Mwingine, "Jino limempigia kura mama!" Dereva alijaribu tena, mate na damu kidogo vikamtoka, akafuta, akaketi. Katika maisha yangu sijaona mtu aliyeonewa na mwili wake namna hiyo.

Kinyozi alimnong'oneza Mama Makochi, nikasikia maana nilikuwa nyuma yao. "Tumeshinda kabla mpira haujaanza. Sema maneno mawili, twende nyumbani."

Mama Makochi alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Mwenyekiti," alisema, "nikianza mimi sasa nitakuwa nakata hewani. Kuna mtu hajasema yake."

"Hawezi kusema, mama. Unamwona."

"Mimi nitamsemea. Namjua. Tumegombana kila asubuhi."

Kinyozi alimshika kanga. "Mama, hapa si benchini!"

"Niachie kanga."

Akaanza. Hakulegeza hata kidogo. Aliwakumbusha moto ulioteketeza nyumba ya mwisho: gari la zimamoto lilisimama nje ya uchochoro, mpira wa maji ukaishia njiani, watu wakazima kwa mabeseni. Aliwakumbusha akina mama walioshikwa na uchungu, waliotembea mpaka barabarani wakijishikilia ukutani, wakisimama kila hatua chache kama walevi. Alionyesha mmoja wao pale pale, na mtoto wake mgongoni. "Huyu nusura azaliwe kwenye ngazi za Kinyozi." Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Alisema maneno hayo kwa ukali ule ule wa Dereva, mpaka mkunjo wa mdomo aliupata.

Dereva alitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Akainua mkono kumwashiria akae.

"Haya, amekubali," alisema mwenyekiti. "Sasa toa yako, mama."

"Hajakubali," alisema Mama Makochi. "Amenihurumia. Si kitu kimoja. Dereva, simama."

Dereva alikataa kwa kichwa. Hakutaka kabisa. Alimtazama kwa jicho la kumwomba.

"Simama, mwenzangu. Bado hujavuliwa kitambaa chote."

Akasimama.

"Hoja yako hasa hujawahi kunitajia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anazungumzia springi za kochi. "Asubuhi zote hizo ulikuwa nayo, ungenipiga nayo ningeanguka. Hukunipiga. Mume wangu alipoanguka, aliyeitwa alete gari ni wewe. Ulifika pale mdomoni mwa uchochoro ukapiga honi. Mbele yako kulikuwa na banda. Banda alilolijenga mwenyewe kwa mikono yake. Ukashuka na machela unakimbia, nayo haikukata kona, kwa sababu nilikuwa nimepanga makochi ya wateja mpaka ukutani. Ikabidi tuhamishe makochi. Nilihamisha mimi, nikalihamisha moja, nikalihamisha lingine, na yeye amelala pale sakafuni ananiangalia."

Mimi habari za kifo cha mdogo wangu zilinikuta mbali, na zilikuwa fupi: aliugua ghafla. Sikuwahi kuuliza zaidi, na hakuna aliyenieleza. Niliangalia viatu vyangu.

"Kama tungewahi, sijui," aliendelea. "Daktari hakusema, nami sikumuuliza. Dereva naye hakusema lolote. Alirudi wiki iliyofuata, akaketi kwenye benchi langu, akaanza kunibishia habari za bei ya mafuta. Lakini hoja yake ni hiyo. Zile nyingine zote ni misumari. Hii ndiyo fremu. Ni hivyo, Dereva?"

Leso ilikuwa imepanda kutoka shavuni mpaka machoni. Halafu kichwa kikashuka, kikapanda. Mara moja tu.

"Asante," alisema Mama Makochi. "Sasa langu."

Akalisema, na hakulisema kinyonge. Alisema kazi yake haina mahali pengine. Alisema yeye ndiye jicho la uchochoro ule mchana kutwa: anajua nani kaingia na nani katoka na televisheni isiyo yake. Alisema manispaa hii hii iliwahi kuja kuchimba mtaro, ikauacha wazi mpaka mbuzi wa watu akavunjika mguu. "Leo wanaahidi lami. Mimi nina magazeti nyumbani, njooni niwasomee wameahidi nini na lini." Hapo watu walishangilia. "Sitawadanganya kwamba banda langu ni kwa faida yenu," alimalizia. "Ni kwa faida yangu. Nalitaka. Nawaomba mniachie."

Akaketi. Mwenyekiti akaita mikono ya wanaotaka banda libaki. Wa Mama Makochi ulikuwa wa kwanza kupanda, umenyooka kama nguzo. Wa Kinyozi ulifuata. Ikaja mingine, hapa na pale. Mimi mpita njia sikuwa na kura. Kisha mwenyekiti akaita upande wa pili, na niliona watu wale wale waliokuwa wamemwahidi Kinyozi wakitazamana, kisha wakiinua mikono taratibu, bila kumwangalia Mama Makochi usoni. Yule mama mwenye mtoto mgongoni aliinua wake huku analia. Haikuhitaji kuhesabu.

Tulirudi wawili. Karibu na banda nilishindwa kujizuia. "Shemeji, umejichinja kwa mdomo wako."

"Nimejichinja."

"Ungenyamaza tu, ungeshinda."

"Nilitaka kushinda, tena sana," alisema. "Ila si kumshinda mtu mwenye pamba mdomoni. Ningekaa kwenye banda hilo kama mtu aliyekalia kochi lenye msumari. Kila nikitulia, unanichoma."

"Basi mkono uliunyoosha wa nini, kama umemkubali?"

Alinigeukia kama nimemtukana. "Nani kamkubali? Kutandaza ya mwenzangu si kuyavaa. Bado naona banda lilifaa kubaki. Wameamua vingine, basi." Akaingia ndani, akafunga mlango, na jioni ile redio hazikulia.

Jumatatu alilivunja banda mwenyewe. Hakutaka kungoja wavunjaji wa manispaa waje wapasue mbao. Nilikuwa juu nafungua mabati nilipomwona Dereva anakuja, shavu limepungua, koleo mkononi. Alisimama mbele ya Mama Makochi. Neno lake la kwanza baada ya siku hizo likatoka limepinda, "Mama Makochi, mimi siku zote nilinyamaza kwa sababu..."

"Najua kwa nini. Shika huo ubao."

Akaushika. Walifanya kazi mpaka jua likakaa utosini, Dereva anachomoa misumari, Mama Makochi anainyoosha kwa nyundo na kuiweka kwenye kopo. Kufika mchana walikuwa wameanza kugombana kama msumari ulionyooshwa unafaa kupigiliwa tena. Nilisikia Dereva akisema, "Haya, unasema kwamba chuma kikishapinda..." nikajua mambo yanarudi.

Sitasema yote yamekaa sawa. Makochi hayaingii ndani, kwa hiyo sasa anachukua viti tu, na kochi likiwepo analifuata nyumbani kwa mwenye nalo, na begi la vifaa begani. Kazi imepungua. Chumba kinanuka gundi mpaka anapolala. Akiniuliza asubuhi kama bado napita tu, na mimi nikamjibu, chai humiminwa pembeni ya kitanda maana meza imejaa sponji. Lami imekuja, nayo ni lami kweli, amekiri mwenyewe, "Lakini tuone mvua."

Lililotushinda ni benchi. Kwa urefu ule halikuingia mlangoni, na nje palishakuwa barabara. Mimi na Dereva tulilizunguka, mmoja akisema tuling'oe fremu ya mlango, mwingine akisema tuligawie watu kuni. Mama Makochi hakumuuliza mtu. Alichukua msumeno akalikata katikati, akazipigilia zile nusu miguu mipya upande uliobaki bila miguu. Nusu moja iko ndani, ndiyo ninayokalia. Ya pili alimpa Dereva.

Basi kila asubuhi namwona anakuja katikati ya barabara ile pana, nusu benchi begani, mdomo umeshakunjwa tayari kwa ubishi. Analiweka chini ya dirisha, analitikisa kama limekaa sawa, anaketi, na kupitia nondo za dirisha wanaanza. Jioni analinyanyua tena anaondoka nalo. Nimemwambia aliache tu pale, nitamwangalizia. Amekataa. Anasema hiyo ni njia ya magari, na yeye ndiye aliyeitaka.